Kuchunga mbu wa pori kabla homa haijafika nyumbani

Kisha mvua kubwa ya magharibi, ingia katika shamba lako la kakao na uangalie chini. Maganda uliyopasua wiki iliyopita yako pale pale, na kila ganda lililolala mugongo limekuwa kikombe. Chungulia ndani ya maji yale yenye rangi ya chai. Utaona vidudu vyembamba vinapanda na kushuka, vikijikunja-kunja. Hao ni watoto wa mbu. Kisha siku saba mpaka kumi hivi watakuwa na mabawa, na watatafuta damu.

Sisi wakulima wa Oicha, Mbau, Eringeti na Kamango tunamujua sana mbu wa malaria, yule anayeimba kwenye sikio usiku. Yeye anapenda maji ya wazi: madimbwi, mashamba ya muchele, nyayo za ng'ombe. Lakini mbu wa ndani ya ganda la kakao ni wa jamaa lingine. Wengi ni wa ukoo unaoitwa Aedes: weusi, wenye madoa meupe, na wengi wao wanauma muchana, zaidi asubui na saa za jua kushuka. Hawa hawaleti malaria. Ni watu wa ukoo huu wanaoweza kubeba virusi vya homa ya manjano, vya denge, vya chikungunya na vya Zika.

Mbu akikuuma, haina maana kama umepata ugonjwa. Mbu wengi hawana virusi hata kimoja. Lakini namna gani tutajua siku ile virusi vimeingia ndani yao? Ndiyo kazi ya kuchunga mbu, na habari hii inaeleza kazi hiyo ilianzia wapi, inafanyika namna gani, na koperative inaingilia fasi gani.

Ilianzia kwa majirani wetu, ng'ambo ya Semliki

Wengi wanafikiri mambo haya ni ya Ulaya ao Kinshasa. Sivyo. Sehemu kubwa ya yale dunia inajua juu ya virusi vya mbu wa pori ilipatikana Bwamba, katika Bundibugyo ya Uganda, chini ya kilomita 100 kutoka Oicha kwa mustari ulionyooka. Watu wetu wa Watalinga wanavuka mupaka kwenda huko kwa soko, kwa ndoa na kwa kilio.

Mwaka wa 1936, Shirika la Rockefeller la Marekani lilifungua Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Leo taasisi hiyo ni ya serikali ya Uganda na inaitwa UVRI. Wachunguzi wake, kati yao Mahaffy, Smithburn, Haddow na Gillett, walikwenda Bwamba na kukaa kwa muda murefu. Vijana wa kule kule walikaa chini ya miti, wengine juu ya vitanda vya mbao vilivyojengwa ndani ya matawi, wakishika mbu kila saa, muchana na usiku.

Angalia yale waliyopata ndani ya mbu, katika miaka mitatu tu:

- Mwaka wa 1942, ndani ya mbu wa Aedes, walipata virusi ambavyo havikujulikana mbele. Waliviita Semliki Forest. Jina la mto wetu limo mpaka leo katika vitabu vya virusi duniani kote.
- Mwaka wa 1943 walipata vingine, wakavipa jina la fasi walipovipata: Bunyamwera.
- Mwaka wa 1944, ndani ya mbu wa pori la Semliki, walipata virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulikuwa umejulikana Kenya tangu 1931, karibu na ziwa Naivasha, ambako kondoo walitupa mimba na wana-kondoo walikufa kwa wingi. Sasa virusi vile vile vilionekana katika pori, mbali na zile ranchi za kondoo.

Kwa mukulima, somo kubwa la Bwamba ni lile la ndizi. Homa ya manjano ilikuwa inaishi juu ya miti, kati ya nyani na mbu anayeitwa Aedes africanus, ambaye anauma sana kisha jua kushuka, huko juu kwenye matawi. Ilifika namna gani kwa watu chini? Wachunguzi waliona nyani wakishuka kuiba ndizi. Tena katika mashamba hayo ya ndizi kulikuwa mbu mwingine, aliyeitwa wakati ule Aedes simpsoni, ambaye anazaa ndani ya maji madogo yanayokaa pale jani la mugomba linapoungana na shina. Mbu huyu aliuma nyani aliyekuja kuiba, kisha akauma mukulima aliyekuja kukata mukungu. Kwa hiyo shamba la ndizi lilikuwa daraja kati ya pori na nyumba.

Kazi hiyo haikuishia Bwamba. Mwaka wa 1947, katika pori la Zika karibu na Entebbe, walipata virusi vipya katika damu ya nyani waliyemufunga ndani ya kizimba juu ya muti. Mwezi wa Januari 1948 walivipata tena ndani ya mbu wa pori hilo hilo. Watu hawakuvijali sana juu havikuonekana kuua. Kisha miaka 67, mwaka wa 2015, virusi vya Zika vilienea Brazili, na wamama wengi wakazaa watoto wenye vichwa vidogo ambao ubongo wao haukukua vizuri. Hapo dunia yote ilirudi kutafuta yale maandiko ya zamani ya wale waliokuwa wakishika mbu juu ya miti ya Uganda.

Juu ya nini tusingoje wagonjwa?

Mwisho wa 2015 homa ya manjano iliwaka Luanda, Angola. Katika 2016 ilivuka mupaka na kuingia inchi yetu. Chanjo za akiba za dunia hazikutosha. Mwezi wa nane 2016, katika Kinshasa, waganga walilazimika kugawanya dozi moja kwa watu watano. Watu zaidi ya milioni 7 walichanjwa namna hiyo kwa siku chache. Njia ile ilisaidia, lakini ilikuwa kuzima moto nyumba ikiwa tayari inawaka.

Virusi hivi vina tabia moja mbaya: vinapofika kwa watu, vinajificha nyuma ya malaria. Homa, kichwa, viungo kuuma, kutapika. Mugonjwa anafika kwenye kituo cha afya, anatobolewa kidole, kipimo cha haraka kinasema malaria hakuna. Sasa ni nini? Mara nyingi anarudi nyumbani na vidonge vya malaria tu, juu muganga hana kipimo kingine. Inaweza kupita mwezi mmoja ao miwili mbele mutu atambue kama homa ile ya kijiji kizima ilikuwa kitu kingine.

Mbu hana kujificha huko. Akiwa na virusi, vinaweza kuonekana ndani yake mbele ya mugonjwa wa kwanza kufika hospitali. Siku zile zinazopatikana ndizo zinazosaidia kutafuta chanjo, kuwaambia waganga waangalie nini, na kuwaambia watu wasafishe wapi.

Kwa wafugaji ni vile vile. Homa ya Bonde la Ufa inangoja mvua. Mbu fulani wa Aedes wanataga mayai ndani ya udongo wa mabonde, na mayai yale yanaweza kukaa makavu kwa muda murefu, mengine yakiwa na virusi tayari ndani yake. Mafuriko yakija, yote yanaanguliwa pamoja. Mwisho wa 2006, wataalamu waliokuwa wanafuata mvua na joto la bahari kwa satelaiti walitoa onyo kama hatari inakuja Afrika ya Mashariki. Ugonjwa ulikuja kweli, na katika Kenya peke yake watu zaidi ya 100 walikufa. Mwaka wa 2016 ulionekana Kabale, Uganda, fasi ambayo haiko mbali na Rutshuru. Satelaiti inaweza kuona mvua, lakini haiwezi kuona mbuzi wa jirani yako anayetupa mimba. Hiyo inaomba macho ya mukulima.

Kazi yenyewe inafanyika namna gani

Zamani, kijana alikaa na mukono wazi na kumungoja mbu aje kumuuma. Leo wachunguzi wengi wanatumia mitego. Muko mutego wa taa: taa ndogo, feni ndogo inayozunguka kwa betri, na mufuko wa wavu chini. Mara nyingi wanaweka karibu yake barafu kavu ao kitu kingine kinachotoa hewa kama pumzi ya mutu, juu mbu anafuata pumzi. Muko mutego wa mayai: kopo jeusi lenye maji na kipande cha ubao ao kitambaa, ambako mama-mbu wa Aedes anakuja kutaga. Na iko kazi rahisi kuliko zote: kuzunguka na kijiko kirefu na kuchota watoto wa mbu ndani ya mapipa, pine za gari, mashimo ya miti na maganda ya kakao.

Asubui mbu wanawekwa kwenye baridi. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika: virusi vinaoza upesi kwenye joto, na bila baridi kali njia nzima mpaka laboratwari, mbu elfu moja ni bure. Kisha wanatengwa kwa darubini, kila ukoo peke yake, kila fasi peke yake, kila tarehe peke yake. Wanaunganishwa katika vikundi, mara nyingi mbu 50 ao chini, na kila kikundi kinasagwa na kupimwa kama mutu mumoja. Kikundi kimoja kikionyesha virusi, wanajua: ni ukoo fulani, katika kijiji fulani, wiki fulani. Ndiyo maana kuandika vizuri fasi na tarehe ni sawa na kushika mbu mwenyewe.

Katika inchi yetu, taasisi ya serikali ya kupima virusi ni INRB. Makao yake makubwa ni Kinshasa, na tangu wakati wa Ebola iko na laboratwari katika Goma.

Maulizo ya kweli, majibu ya wazi

Hatuwezi kuandika habari hii kama hatujui Oicha imepita wapi. Riposte ya Ebola ilianza tarehe 1/8/2018 kule Mangina na ikaisha tarehe 25/6/2020. Watu 3.470 waligonjwa, 2.287 wakakufa. Katika miaka ile tuliona magari mengi, watu wengi wasiojulikana, na maelezo machache. Watu waliokuwa wanauliza tangu 2014 nani atawalinda na mapanga waliona feza nyingi zinakuja juu ya ugonjwa mumoja tu. Mashaka yale hayajaisha. Basi mutu akija na mutego wa mbu, maulizo lazima yawepo, na ni haki yawepo.

Je, mbu analeta Ebola? Hapana. Ebola inapita kwa kugusa damu na maji ya mwili wa mugonjwa ao wa maiti. Kazi ya mbu ni jambo lingine kabisa.

Je, mutego utaleta mbu wengi nyumbani? Mutego wa taa unaita mbu waliokuwa tayari karibu na kuwafunga ndani ya mufuko. Lakini mutego wa mayai ukisahauliwa, utazaa mbu. Anayeuweka lazima arudi kuuondoa kwa siku aliyosema. Asiporudi, mwaga maji.

Je, wakipata virusi, wanunuzi watakataa kakao yetu? Virusi hivi vinahitaji mwili ulio hai, wa mbu, wa munyama ao wa mutu. Kwa kakao iliyochachuliwa na kukaushwa havipiti. Hakuna sababu ya mununuzi kukata bei juu ya habari ya mbu.

Je, tukate migomba yote? Hapana kabisa. Mugomba ni chakula na ni kivuli cha kakao changa. Mambo ya kufanya tunayasema hapa chini.

Na koperative iko na maulizo yake ya kuuliza mbele ya kukubali. Ninyi ni nani, na zone ya afya na chefu wanawajua? Mutaweka mitego mingapi, wapi, siku ngapi? Mbu wanakwenda laboratwari gani? Mutatulipa kijana wa kulinda mutego ao ni bure? Na ulizo kubwa kuliko yote: majibu yatarudi kwetu lini, na kwa luga gani? Timu isiyoweza kujibu ulizo la mwisho haijawa tayari kuingia shambani.

Tena usalama ni wa kwanza. Hakuna mbu anayestahili maisha ya mutu. Mutego unaowekwa usiku katika shamba la mbali, ambako wenyewe hatulali tena, si kazi ya kumupa kijana wetu. Unaweza kuwekwa pembeni ya kijiji, karibu na nyumba, na bado ukafundisha mengi.

Kazi ambayo koperative inaweza kuanza bila kungoja mutu

Maganda ya kakao. Hapa mukulima aangalie pande mbili. Maua ya kakao yanasaidiwa kuzaa na vidudu vidogo sana, vidogo kuliko mbu, na vidudu hivi vinazaa ndani ya maganda yanayooza, majani makavu na mashina ya migomba yanayooza. Ukichoma maganda yote, unaweza kupunguza mavuno yako mwenyewe. Ukiyaacha yakiwa vikombe, unafuga mbu. Njia ya kati ni hii: pasulia kakao fasi moja, katakata maganda kwa panga yasishike maji, yalundike na kuyafunika kwa udongo na majani yawe mboleo. Yanaendelea kuoza, lakini hayashiki maji ya wazi. Matunda yaliyooza kwa ugonjwa wa kakao nyeusi yatengwe na kulundikwa mbali na miti.

Matunda yaliyotobolewa. Katika mashamba ambayo wenyewe walikimbia, kakao inaivia kwenye muti, panya na kindi wanaitoboa, mvua inaingia. Siku mukipata njia ya kurudi kwa usalama, muanze na kushusha haya.

Ndizi. Toa majani makavu na maganda ya shina yaliyooza. Karibu na mulango wa nyumba na fasi watoto wanalala, usipande migomba na mateke kwa kusongamana. Nyani wakianza kushuka shambani kwa wingi, ao mukiokota nyani wamekufa porini, musiguse, musile, muambie kituo cha afya.

Maji ya nyumbani. Pipa na bido zifunikwe, na mapipa yasuguliwe ndani kila wiki, juu mayai ya Aedes yanashikamana na ukuta wa chombo. Pine za zamani zitobolewe ao zifichwe mvua isiingie. Fasi wadeplase wanakaa, koperative inaweza kusaidia vifuniko: kwao kila tone la maji linawekwa akiba, na hatuwezi kuwaambia wamwage.

Mbuzi na ng'ombe. Mimba zikitupwa nyingi kwa muda mufupi, zaidi kisha mvua kubwa, usishike kitoto kilichokufa kwa mikono mitupu, usichinje mugonjwa ili kuokoa nyama. Zika, nawa, muite veterineri siku ile ile. Homa ya Bonde la Ufa inapita kwa mutu zaidi kwa damu na nyama ya munyama mugonjwa kuliko kwa mbu.

Chanjo. Chanjo ya homa ya manjano inatolewa kwa mutoto akiwa na miezi tisa, na dozi moja inamulinda maisha yote. Mama aliyekimbia kijiji akapoteza karatasi ya chanjo aende kituoni aulize. Hakuna chombo chenye nguvu kuliko hiki mbele ya mbu wa ndizi.

Homa isiyo malaria. Kipimo kikisema malaria hakuna na homa ni kali, rudi kwa muganga, usinunue dawa ovyo. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe mpaka muganga aseme, juu kwa denge zinaweza kuongeza kutoka damu.

Daftari. Hili ni dogo kuliko yote na pengine ndilo la maana kuliko yote. Koperative ninyi munapima kakao kila wiki, munaandika kilo na majina. Katika daftari hilo hilo, ongezeni mistari mine: mvua ilikuwa kubwa ao ndogo, wamemba wangapi walikosa juu ya homa, mimba ngapi za mifugo zilitupwa, nyani waliokufa walionekana ao hapana. Musiandike majina ya wagonjwa, idadi inatosha. Kila mwisho wa mwezi, pelekeni hesabu kwa kituo cha afya na kwa veterineri.

Wale vijana wa Bwamba walioshika mbu juu ya miti majina yao hayako kwenye virusi walivyovipata. Kama siku moja mitego itafika Oicha, ifike kwa wakulima wanaojua kuuliza, walio na daftari la miaka mingi mukononi. Mutu mwenye hesabu zake anasikilizwa tofauti na mutu anayengoja kuambiwa.

Kwa sasa, mvua ya kesho iko njiani. Beba panga, anza na lundo la maganda lililo karibu na nyumba.